Samaki Wako Kabatini, Tausi Nimempeleka Hospitali

Mama, shikamoo.

Samaki nimeshawakaanga, wako kabatini, paka asiwaone. ~~Nazi atakuna Tausi tukirudi.~~ Nazi atakuna Najat akitoka shule.

Tausi nampeleka hospitali. Asubuhi uliposema, "Mke wako kazi yake kulala tu," alikusikia. Akashika ufagio ili usiseme tena. Hakumaliza hata nusu ya uwanja, akakaa chini, akanitazama, jina langu likampotea.

Si uvivu, mama, na mimba hana, tumepima. Tangu ile homa ya mwaka jana analala lakini hapumziki, anaamka kama aliyelima usiku kucha. Akisimama sana, kizunguzungu. Arusini kwa Kijakazi alipika, akacheka nanyi, mkasema amepona. Siku zilizofuata nilimlisha kitandani. Ndivyo inavyokuwa kila mara: akijikaza leo, kesho yuko hoi. Haya nitamweleza daktari.

Sasa yuko mlangoni anavaa viatu, ananiuliza kama utamrudisha kwao Muheza. Nimemwambia huwezi. Tafadhali mama, nisije nikawa nimemdanganya.

Mwanao,
Mselem