Rangi ya Kibao cha Tatu

Mama,

Nakuletea salamu za nyumbani Winson Green, hapa Birmingham, na umbea kidogo, maana najua ulivyoupenda. Yule mteja wako wa Sutton Coldfield bado anaitaka picha yake, na bado anataka ifanane rangi na kochi lake. Nikakumbuka ulivyomjibu kwenye simu: "Mimi nachapa picha, mito ya kochi inauzwa dukani." Na bado akakuagiza! Ni wewe tu uliyeweza kumtia mtu adabu akakupenda hapo hapo.

Ulituachia karatasi chache zilizokwisha kupigwa rangi mbili: nusuduara nyeusi, pembetatu za bluu. Kibao cha tatu, cha kuchapia rangi ya mwisho, ulikuwa umeshakichonga, ila rangi yake hukuisema. Nilikaa nacho nikikitazama tu. Niliogopa, Mama. Nikiziharibu hizo, hakuna nyingine za mkono wako.

Halafu ikanijia desturi yako. Kwa ustadi wote ule, hukuliamini jicho lako peke yake. Ulikuwa ukibandika karatasi ya majaribio ukutani, ukatandika mkeka, ukaweka sinia la pilau, kisha ukatazama wageni wanakaa upande gani. Wakiipa picha mgongo, unaibandua bila kinyongo. "Hii haijamkaribisha mtu," unasema. Na zile zilizokaribisha! Miraba na maduara matupu, hamna sura ya mtu wala ua, lakini watu waligombea upande wa kuzitazama.

Basi nami nikakipaka kibao wino, nikakandamiza juu yake moja ya karatasi zako kwa mgongo wa kile kijiko chako cha mbao, nikaibandika ukutani. Nilianza na nyekundu. Shangazi wote wakaipa mgongo, wakaendelea na soga zao. Kijani nayo vilevile. Ijumaa iliyopita nikachanganya manjano iliyokolea, kama bizari ikianza kuiva kwenye mafuta.

Sijakwambia la Baba. Tangu ulipotutoka amekuwa akila jikoni, amesimama kando ya friji, kama mpita njia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mkekani hakai. Tumembembeleza, wapi! Lilikuwa linaniuma kuliko msiba wenyewe.

Ijumaa hiyo akatoka jikoni na sahani yake kufuata chumvi iliyokuwa mkekani, akasimama mlangoni. Akaitazama ile picha. Akavua kandambili, akakaa pale ulipokuwa ukikaa wewe, uso kwa ukuta, akaanza kula.

"Mama yako hii ameipatia," akasema, akaomba aongezewe pilipili.

Sikumsahihisha. Ningemsahihisha nini? Nilikwenda kuileta pilipili nikalia huko huko jikoni, nikarudi nayo.

Mteja atapata nakala yake, kochi lipende lisipende. Hii ya kwanza ya manjano haitoki ukutani. Pumzika sasa, Mama yangu, kazi yako imefika. Nakuahidi mkeka utatandikwa kila Ijumaa, na Baba hatakula tena amesimama.

Mwanao,
Rukia