Mama, Sauti Yako Bado Iko kwa Afande

Mama yangu,

Leo nimerudi tena kule ofisini kwa polisi, na nimetoka mikono mitupu. Nina hasira, Mama. Acha nikumiminie wewe, maana hapa Garsen hakuna anayetaka kunisikiliza.

Unakumbuka tulivyokuwa tukimrekodia Komora kaseti? Kaka yuko Jeddah anaendesha lori, wewe kuandika hujui, basi tunakaa jikoni, nabonyeza redio, nawe unaanza kwa kukohoa. Unamgombeza kwa kutooa. Unamweleza mpunga ulivyosombwa na mto. Kuku akiingia unamfukuza, "Shii!" na hiyo nayo inakwenda Jeddah. Komora alisema ile "shii" ndiyo iliyomliza.

Kisha likaja lile bomu la Nairobi. Uliwalilia wale watu kama umewazaa wewe. Baadaye tukasikia barua na kaseti za Uarabuni zinafunguliwa. Mimi nikaogopa, wewe ukacheka, ukawa unarekodi hivi: "Na wewe afande unayesikiliza, hujambo? Watoto hawajambo?"

Ya mwisho uliirekodi ukiwa kitandani. Polisi waliichukua kwenye kizuizi cha barabarani, njia ya Malindi, kwenye mkoba wa jirani yetu. Wiki iyo hiyo ukatutoka.

Nimeiomba mpaka nimechoka. Jibu ni lile lile: "Lugha haieleweki. Tunangoja mkalimani kutoka Nairobi."

"Ni Kipokomo, afande. Hebu mwite huyo muuza samaki hapo nje, atakutafsiria."

"Hiyo ni siri ya serikali, dada."

Siri! Mama yangu akifukuza kuku!

Sisemi wasiwatafute wauaji. Wawatafute, tena wawapate. Lakini wakimshuku mtu si waseme wanamshuku kwa lipi, wamweleze hakimu, wasikilize, wakimaliza warudishe cha wenyewe? Sisi tuna jina la Kiislamu na ndugu Uarabuni, basi, imetosha. Siku hizi hata salamu tunazipima. Komora akipiga simu pale posta tunaulizana habari za mvua, kisha wote kimya, kila mmoja anasikia mwenzake anavyopumua.

Juzi nikasema liwalo na liwe. Nikamsomea Komora kwenye simu maneno yako yote, moja moja, kama nilivyoyashika. Kisha akasema, "Maneno nimeyapata. Mama mwenyewe je?"

Nilikuwa na wewe kitandani hadi mwisho, yeye hata kukohoa kwako hajakusikia.

Na kinachonikera zaidi ni kwamba hata safari ile ya mwisho hukumsahau afande. Ulipomaliza kumwombea Komora dua ulivuta pumzi, ukasema, "Afande, ukishasikiliza, tafadhali mpelekee mwanangu. Usikawie, mimi naondoka."

Ulimwambia kwa Kipokomo. Bado wanangoja mkalimani.

Lala salama, Mama.

Mimi, kitinda mimba wako.