Magari Yamelala Vizuri

Baba Watoto,

Gereji: fungua matundu ya hewa jua likitoka, uyafunge kabla ya mvua. Usilifunike lile gari jekundu likiwa bado na maji, litashika kutu. Chaja ya betri nimeshaichomoa. Chai iko kwenye chupa.

Nimekwenda kwa dada. Usijifanye hujui sababu. Leo asubuhi nilikuletea chai gerejini, nikasimama mlangoni na blanketi mabegani, nakohoa. Ukanipita, ukapapasa boneti ya hilo jekundu, ukaliuliza, "Umelalaje, bibie? Baridi haikukusumbua?" Kikombe ulikipokea bila hata kunitazama.

Mimi sisahau. Raba ya kuzibia dirisha la chumbani niliinunua mwenyewe kabla ya mvua za mwaka juzi. Ukaibandika kwenye mlango wa gereji. Joto lilipokuja, feni ya sebuleni ikahamia huko ili magari yapate hewa. Sasa hata hita ya kupashia joto chumba chetu nayo umeihamishia huko! Mimi niliwahi kulisimamisha soko zima kwa ajili ya paa lake linalovuja, akina mama wakagoma nyuma yangu. Humu ndani nimekosa hata wa kugoma naye. Watoto wameshaondoka, tumebaki wawili na magari matatu.

~~Usinifuate.~~

Ukija, njoo na gari lolote upendalo. Ila ukifika, kabla hujazima injini, niulize na mimi nimelalaje.

Mama Watoto