Siku Babu Alipokubali Chanjo

Panda, Likasi

Mjukuu wangu Béatrice,

Huku sisi tu wazima. Mama yako anakusalimu, na mihogo yetu imeota vizuri. Umeniuliza kwa nini nataka kuchanjwa na uzee huu wote.

Nilipokuwa msichana, wauguzi walikuja hapa kwenye kambi ya wafanyakazi kuchanja watu ndui. Babu yangu, aliyekuwa amestaafu kiwandani Shituru na siku hizo akishinda kimya, alikataa kupanga mstari.

"Muchanje batoto," alisema. "Minye nilishazeeka. Nikikufa, hakuna mashini itasimama."

Bibi yangu alikuwa ameshachanjwa. Alimrudia, akamshika mkono. "Kweli, mashini haitasimama," akamwambia. "Lakini minye, nitasimama na nani?"

 Babu akakunja mkono wa shati, akapanga mstari nyuma ya watoto, bibi akiwa ubavuni pake.

Babu aliishi hadi mama yako akazaliwa. Yeye ndiye aliyemfundisha kutembea.

Basi Jumatatu ninaenda zahanati. Bado natamani kukuona ukishuka kwenye treni, nami nikupokee mzigo.

Nkambo wako akupendaye,
Régine