Nishikie Nafasi

Remscheid, 12 Februari 1974

Mdogo wangu Volkmar,

Hujambo, na siku ya kwanza ya ziara imekuacha mzima? Mimi sina neno, isipokuwa huu mkono wa kushoto uliovunjika. Mama anauita gogo, na kila jirani anayeingia anataka kuugonga asikie plasta inavyolia. Kuteleza kwenye barafu mlangoni pa mwoka mikate, siku tano kabla ya ziara! Ningekuwa mtu wa kulia ningelia.

Basi sikiliza. Miaka saba nimepiga gitaa la besi katika bendi yetu ya Zinkhaus, na Baba alikufa bila kunisemesha kwa ajili yake. Nimekutuma wewe kwa kuwa nilikufundisha mwenyewe, pale jikoni. Ni wiki chache tu. Nishikie nafasi yangu.

Detlef na ngoma zake atakukimbiza. Usimfuate. Wewe ndiye nyumba, yeye ni mbwa, atarudi tu. Hartmut akianza kuchezea mashine zake za sauti usimtazame usoni, utacheka. Kile kipande cha dakika arobaini kina noti mbili. Mbili! Ukinogewa ukataka kuongeza ya tatu, kunywa maji. Na nyuzi usiziguse. Ni zilezile tangu siku ya kwanza, zimeshakufa, na huo mlio wao mzito ndio mlio wangu.

Jingine: kwetu kila jambo linapigiwa kura kwa mikono, hata supu. Mkono mmoja ukibaki chini, jambo limekufa. Sheria hiyo niliitunga mimi. Sasa mkono wangu ni wako.

Dada yako,
Rosi

Göttingen, 24 Februari

Dada Rosi,

Pokea salamu za mtu aliyerushiwa viazi jukwaani. Vilikuwa vya kuchemsha, namshukuru Mungu. Afya ninayo. Gogo je, linaendeleaje?

Tunalala sakafuni kwa wanafunzi na tumekula supu ya njegere siku nne mfululizo. Niliinua mkono kupinga, lakini kumbe huku kupinga ni kutoinua. Wamenicheka mpaka basi. Kule kiwandani nilikata meno ya tupa kutwa nzima nikidhani hiyo ndiyo kazi ya kuchosha!

Jana, dakika ya ishirini ya noti zako mbili, vidole viliwaka moto. Nikasema hapa naaibika. Halafu, dada, sikujisikia tena mimi. Niliwasikia wote, nami niko chini nimewabeba. Machozi yalinitoka mbele za watu. Wewe ulilijua hili miaka saba, ukaninyima?

Detlef bado ananiita "Mdogo wa Rosi". Sidhani kama analijua jina langu.

Mdogo wako,
Volkmar

Remscheid, 9 Machi

Kwa mla viazi,

Za huko? Sisi tupo. Mama kikohozi kimempungua, ulimi haujapungua.

Sikukunyima. Hilo haliambiwi mtu. Barua yako nimeisoma mara sita. Nimefurahi, na nimekuonea wivu, yote mawili kwa pamoja. Usiku kucha naota napiga, nikiamka nakuta plasta.

Msimamizi wako kiwandani ameuliza utarudi lini. Nimemwambia Aprili. Na huyo Hartmut, mwambie hajaniandikia hata kadi. Miaka saba nimemkatia nywele mimi!

Dada yako,
Rosi

Hamburg, 27 Machi

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi mwili wangu mzima, moyo ndio hauko sawa.

Nimekukosea. Tulipokuwa Bremen uzi mnene ulikatika katikati ya onyesho. Dukani walikuwa na seti nzima tu. Nikaweka huo mmoja, ukawa unapiga kelele peke yake kati ya wale wazee watatu. Nikabadilisha zote nne. Na sikuzitunza, Rosi. Nilizitupa kwenye pipa la stesheni. Sijui akili yangu ilikwenda wapi.

Nilipopiga, kila noti ilisikika wazi, na Detlef aliacha ngoma. "Hebu rudia, Volkmar," akasema. Volkmar! Hartmut naye akasema, "Kumbe miaka yote hii kuna maneno yalikuwa yakisemwa huko chini." Ilinipasa kumjibu kwamba msemaji ulikuwa wewe. Nikanyamaza, kwa kuwa nilifurahi.

Kurekodi kunaanza tarehe 22 Aprili, kwenye jengo la kinu cha zamani nje ya Aachen. Utakuwa umepona.

Mdogo wako,
Volkmar

Remscheid, 4 Aprili

Volkmar,

Salamu ni fupi, afya ni ya kawaida. Barua yako niliitupa, nikaiokota, nikaitupa tena. Pipa la stesheni! Mwanaharamu mkubwa we. Ungekuwa karibu ningekuzaba kofi kwa mkono mzima.

Haya, yamepita. Nyuzi ni nyuzi, ndugu ni mmoja.

Plasta ilitolewa Jumatatu. Tarehe 22 nitakuja Aachen kwa treni ya asubuhi. Nina neno la kuwaambia ninyi watatu, na si la kuandikwa. Nahesabu siku.

Dada yako,
Rosi

Köln, 14 Aprili

Dada,

Hujambo? Sisi hatujambo. Nakuandikia mbiombio.

Tarehe 22 usijisumbue. Kinuni ni baridi kali, na mkono uliotoka kuvunjika hautaki baridi. Siku za mwanzo ni kufunga nyaya tu, hakuna la maana. Pumzika hadi Mei. Nitakujulisha siku ya kuja.

Mdogo wako,
Volkmar

Köln, 30 Juni

Dada yangu Rosi,

Nakusalimu, ingawa hii ni barua ya nne na hujajibu hata moja. Mama ameniambia kwenye simu kwamba u mzima, akakata.

Hizo tatu zilikuwa za kuzungukazunguka. Hii naisema wazi. Tarehe 22, ulipokuja kinuni ingawa nilikukataza, nilikuwa nyuma ya mlango. Nilisikia ukiuliza, "Mdogo wangu yuko wapi?" Detlef akajibu nilivyomwomba ajibu, kwamba nimekwenda mjini. Ukasema, "Haya, msalimieni." Nikasikia viatu vyako kwenye kokoto mpaka vikaisha.

Tulikuwa tumepiga kura, Rosi, kabla sijakuandikia usije. Kwamba wewe usirudi, mimi nibaki. Detlef akainua mkono, Hartmut akainua. Wangu ungebaki chini, jambo lingekufa palepale. Wote wawili walinitazama. Niliuinua.

Sikulazimishwa na mtu. Niliipenda nafasi yako kuliko nilivyokupenda wewe.

Juzi nimetoka Zinkhaus. Kiwandani pia hawanitaki tena. Nimewaambia akina Detlef wakuandikie urudi, ni pako pale. Rudi, dada. Nisamehe.

Mdogo wako,
Volkmar

Remscheid, 8 Desemba 1974

Volkmar,

Natumaini afya yako haina neno. Mama anakohoa, lakini yupo. Mimi naimbisha watoto shuleni, siku tatu kwa wiki.

Waliniandikia, ndiyo. Nikawajibu siwezi. Vidole viwili vya mwisho havikunjiki, na havitakunjika. Daktari aliniambia siku ile alipotoa plasta: besi basi. Nililia siku tatu. Siku ya nne nikanyamaza, kwa kuwa nilijua nafasi yangu namwachia nani. Hilo ndilo neno nililokuja nalo. Nilitaka kulisema mbele yao, nimekushika bega. Nilivaa lile gauni la kijani, kama mtu anayekwenda harusini.

Detlef hajui kusema uongo. Alipokuwa akisema umekwenda mjini, koti lako lilikuwa limetundikwa nyuma yake. Ungetoka ukasema tu, "Dada, naitaka," ungeipata palepale mlangoni. Ulichoniibia ni kitu nilichokuwa nimekuletea.

Sasa wamemchukua mtu wa Düsseldorf. Nilimsikia redioni, anapiga vizuri. Nilizima.

Umeomba nikusamehe. Nimekusamehe, na sisemi kwa mdomo tu. Lakini Krismasi usije. Siwezi kukaa meza moja na wewe nikuone ukikata nyama, bado siwezi, na sijui ni mwaka gani nitaweza.

Mama haambiwi haya. Nimemwambia uko safarini na bendi, mnapita miji mikubwa, na watu wanakupenda. Anamsimulia kila anayeingia, mpaka mwoka mikate. Akikupigia simu, usimkanushe.

Dada yako,
Rosi