Kamba Uliyotupa, Mjomba

Chumba cha nyuma,
Karakana ya mahema.
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti lako limepunguza ukorofi. Kikohozi cha mkaza mjomba je, kimepoa? Sisi hatujambo. Mimi bado nashona mahema na mikoba ya wapanda milima, na cherehani yangu bado inakwama ikiona kitambaa kinene, kama mtu anayechagua kazi.

Salamu hizi nimeziandika mara tatu nikazichana, maana najua kinachofuata.

Barua yako kwa mama tuliipata. Umemwomba dada yako radhi kwa ile kamba ya kupandia mlima uliyotupa mimi na mdogo wangu. Unasema ulijua imezeeka, na kwamba zana zako zote umezigawa, hutaki tena kusikia habari za mlima. Mama aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia kwenye droo ya vijiko. Picha yako alishaiondoa ukutani tangu siku mdogo wangu alipoletwa na mguu uliovunjika. Mimi nilikuwa pale pale mezani nakata vitunguu, nikaendelea kukata. Mjomba, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kamba yako haikukatika.

Unavijua vile vilele vitano vya barafu, mwendo wa siku tatu kutoka barabara ya mwisho. Viwili tulivipanda salama. Tukielekea cha tatu, kiongozi wetu, yule tunayemwita Polepole, alitangulia peke yake kupima njia. Mdogo wangu akafuata, mimi nyuma yake, tumeunganishwa na kamba yako. Kanuni yako tuliishika tangu utotoni: wa mbele huuliza, "Umeshika?" na hapigi hatua mpaka wa nyuma ajibu, "Nimeshika."

Nilikuwa nimeifungua kiunoni. Ilinibana nisiifikie kamera mkobani, na nilitaka picha ya kuwaringishia wenzangu wa karakana. Aliuliza, nikanyamaza. Akauliza tena. Nikajibu nimeshika, na mikono yangu yote miwili ilikuwa ndani ya mkoba.

Theluji ilititia, akatumbukia kwenye ufa. Niliisikia kamba ikipita juu ya kiatu changu. Polepole ndiye aliyeshuka kwa kamba yake akamtoa. Alipokuwa anamfunga mguu, nilikusanya kamba yako haraka nikaificha, na aliponiuliza nikasema imekatika. Uongo wenyewe ulinitoka kirahisi hivyo hivyo, na hilo ndilo linalonifanya nijiogope.

Miezi minne nimekuacha ujilaumu kwa kosa langu. Hata kupita mbele ya ule msumari mtupu ukutani naona haya.

Jana baada ya chakula cha mchana niliwaambia wote. Mama hakunigombeza. Alikwenda kabatini, akatoa picha yako, akaifuta vumbi kwa kiganja na kuirudisha mahali pake. Mpaka sasa hajaniita kwa jina langu. Mdogo wangu, ambaye hata na magongo yake hakosi utani mdomoni, alisema neno moja tu: "Nilikuuliza mara mbili, dada."

Pamoja na barua hii utapokea kifurushi. Ndani yake mna kamba. Ipitishe mkononi taratibu, ncha hadi ncha, kama ulivyotufundisha kuikagua. Hutapata mahali palipokatika. Sikuombi unisamehe leo wala kesho. Nakuomba ukazidai zana zako kwa wale uliowagawia.

Nisalimie mkaza mjomba, na binamu yangu mpiga picha, na yule jirani yenu fundi saa ambaye ulizoea kumchosha kwa hadithi za mlima. Umwanzie tena, hata akikimbia. Mungu akurudishie usingizi niliokunyang'anya.

Wako akupendaye, ambaye ulimfundisha kushika,

Mpwa wako.