Kitabu cha Baba Kuhusu Damu

Mwaka umetimia, Baba, tangu ututoke, na meza yako haiguswi na mtu isipokuwa Mama anapoifuta vumbi.

Ulianzia maabara ya hospitali, ukipima damu. Wagonjwa wakija dirishani kuchukua majibu, hukuwapa karatasi tu, uliwaeleza mpaka foleni ikafika getini. Mkubwa wako akakwambia, "Wewe umeajiriwa kupima, si kufundisha." Ukaacha kazi, ukaenda kuandika makala za sayansi gazetini kila Jumanne. Ndugu walisema umepiga teke bahati. Sisi tulilishwa na kusomeshwa kwa kalamu hiyo.

Kila ulichoandika ulimsomea Mama kwanza, yeye yuko kwenye cherehani yake.

"Mama watoto, umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Fundi akielewa, wote wameelewa," ulikuwa ukisema, ukifunga kalamu kwa raha zako.

Kisha ukaandika kitabu, miaka minne mizima, juu ya safari ya damu mwilini. Ukamsomea chote. Mchapishaji akakurudishia: kizuri, ila msomaji wa kawaida atapotea mapema, kirekebishe tukichape. Ulirudi nyumbani umevimba kwa hasira.

"Mwenzangu, wewe ulipotea?"

Mama akajibu bila kuinua uso, "Hata kidogo."

Basi ukakataa kubadilisha hata neno moja. Ulisema hao wanawadharau wasomaji. Kitabu kikaingia kabatini, hukukigusa tena mpaka unafariki.

Baba, Mama alipotea. Alituambia mwezi uliopita, akilia, na ametutuma tukwambie hapa mbele za watu. Kuanzia ukurasa wa tisa hakuelewa kitu. Alikuwa akiitikia huku akiwaza suruali za wateja. Yeye shule aliiacha mapema, akaogopa utamwona mjinga. "Alinitegemea kwa neno moja tu," anasema, "nami nikalimeza." Majuto ni mjukuu, na huyu amehamia kwetu moja kwa moja.

Siku hizi anakisoma mwenyewe, penseli mkononi, akiweka alama kila anapokwama. Alama ni nyingi, na wa kuzirekebisha hayupo.

Unakumbukwa na mkeo, fundi wako. Sisi wanao, dereva na mwalimu. Dada yako muuguzi. Na wajukuu wako wawili. Hutatoka mioyoni mwetu maisha yetu yote.

Mama ameomba maneno ya mwisho yawe yake: "Hapo sijaelewa, Baba watoto. Rudia."